Suti Iliyochinjwa Kirua

Wapo wanaosema kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi Zita ndiye niliyetandika majani ya mgomba. Sikubali, na sitakubali mpaka siku ya kuzikwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, uwanja wetu pale Kirua ulikuwa tope tupu, na mdogo wangu Fabian alikuwa amesimama na belo zima la mitumba akitafuta mahali pakavu pa kulifungulia. Mlitaka nitandike nini, mashuka yangu? Nilikata majani, nikayapanga chini ya mparachichi, penye mteremko ambapo maji hayatuami. Kwamba hapo ndipo ukoo wetu unapochinjia tangu Babu akiwa kijana, hilo halikunijia. Mtu anayesubiri kuona nguo hafikirii mbuzi.

Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini na tatu, Krismasi imekaribia, wakati ambao kila Mchaga aliyeko Dar, Arusha, Mwanza, na hata aliyeko jela akipewa ruhusa, anapanda kurudi kwao. Fabian naye alikuwa amepanda kutoka Kiboriloni, ambako aliuza nguo za kiume juu ya turubai, chini, jua lake na vumbi lake. Alikuwa na falsafa aliyowahubiria wateja bila kuchoka. Mwanamume, alisema, anahitaji nguo nne: ya kuogopwa, ya kuajiriwa, ya kupendwa na ya kulimia. Ya kuogopwa ni suti. Ya kuajiriwa ni shati la mikono mirefu lenye kola inayosimama yenyewe. Ya kupendwa ni jinzi na raba kubwa kama mikate. Ya kulimia ni fulana yoyote, hata iliyoandikwa matusi ya Kizungu, kwa kuwa migomba haisomi. Akimwona mtu anakuja kwa mbali, alijua anakosa ipi kati ya hizo nne. Yeye mwenyewe alikuwa na ya kulimia tu.

Sasa alihitaji ya kuogopwa, na alihitaji haraka. Gladys wa Mkuu, kule Rombo, alikuja Kiboriloni kumnunulia baba yake shati, akabishana na Fabian juu ya kola nusu siku nzima, na shati hakununua. Kesho yake akarudi kubishana tena. Ndivyo walivyopendana. Lakini baba yake, Mzee Kasiani, karani wa mahakama mstaafu, alituma neno: posa ataipokea tarehe ishirini na saba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, ila mwanamume asiye na suti yake mwenyewe asijisumbue kupanda Rombo. Yake mwenyewe, alisisitiza. Mahakamani alikuwa ameona wanaume wengi wakila kiapo wamevaa suti za kuazima. Na tulisikia kuna mwingine anasubiri zamu, mwenye duka la vipuri vya magari na suti mbili.

Ndiyo maana Fabian hakulifungua belo lile sokoni. Kiboriloni ukikata waya tu, wenzako wanakurukia kabla haujaanguka, na kila kilicho kizuri kinaondoka na mtu usiyemjua. Alilileta nyumbani ili achague suti yake kwa utulivu. Utulivu, Kirua, siku ya Krismasi imekaribia! Nilicheka, lakini nikaenda kukata majani.

Alipochomoa kisu kukata waya, wanaume walikuwa wameshaanza kufika. Hawakuitwa. Waliona majani yametandikwa chini ya mparachichi, wakaona kisu, wakaja. Baba mkubwa Primus alikaa upande huu, Baba mdogo Denis upande ule, maana hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu masale, mimea ya mpaka kati ya mashamba yao, yang'olewe na mtu asiyejulikana, ambaye kila mmoja alimjua kuwa ni mwenzake. Shangazi Yuditha alikuja na kapu lake. Mjomba Ndelilio, kaka wa marehemu mama yetu, Mlutheri wa Marangu, alikuwa amepita kusalimia tu, naye akavuta kigoda. Katekista alikuja kuazima mabenchi kwa ajili ya kanisa, akasahau mabenchi. Mwishowe akaja Babu Melkior na fimbo yake, akaketi mbele kabisa, akauliza:

"Nani anashika miguu?"

Tulidhani anatania.

Belo likapasuka. Zikatoka jinzi zilizochanika magotini, Babu akasikitika kwamba panya wa Ulaya hawana adabu. Zikatoka fulana, mashati ya ofisini, kofia, soksi zisizo na wenza. Ikatoka nguo nyeusi ya mpira, ya mwili mzima, yenye zipu mgongoni, ambayo hakuna aliyejua kazi yake, hata Fabian. Halafu, chini kabisa, ndani ya mfuko wake wenyewe, ikatoka suti. Koti, kizibao, suruali, shati, tai, na viatu vyeusi vimefungwa humo humo, kana kwamba mwenyewe alivua vyote kwa mkupuo mmoja akaenda kuoga. Rangi yake bluu ya usiku, na mistari myembamba ambayo ukiisogelea inatoweka. Fabian alipima mabega. Yake kabisa. Mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Babu aliinama, akaishika suti kwa vidole viwili pale kifuani, akaminya.

"Huyu amenona," alisema.

"Babu, hii ni suti," Fabian akasema.

"Nani kasema ni mbuzi? Imefunguliwa kwa kisu?"

"Ndiyo, lakini…"

"Juu ya majani?"

"Majani ni kwa ajili ya tope, Babu."

"Wanaume wa ukoo wapo?"

Fabian akatazama huku na huku. Walikuwepo wote, na kila mmoja alikuwa na uso wa mtu anayejua fungu lake.

"Basi," alisema Babu, na kazi ikaanza.

Kwetu nyama haigawiwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe tangu mnyama hajazaliwa. Kidari ni cha mzee wa ukoo, kwa hiyo koti lilikwenda kwa Babu, akalikunja akaliweka magotini. Paja ni la shangazi, kwa hiyo Shangazi Yuditha, ambaye hajavaa suruali tangu abatizwe, akapewa suruali. Aliipima kwa kiganja, akaitia kapuni, akafunika kwa jani. Maini ni ya mjomba, na kizibao kinakaa palepale maini yanapokaa. Shingo, yaani shati na tai, akapewa katekista, kama mgeni wa heshima. Kwato, yaani viatu, wakagawana Baba mkubwa na Baba mdogo, cha kushoto kwa Primus, cha kulia kwa Denis, na hawakutazamana wakati wa kupokea. Vijana wakapewa jinzi, mwalimu mkuu akapelekewa mashati, na ile nguo ya mpira akapewa jirani yetu anayekata majani ya ng'ombe kwenye mvua. Bado anaivaa, na ng'ombe wake mpaka leo hawajamzoea.

Mimi, niliyetandika majani, nilipewa vifungo viwili vya akiba vilivyokuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Vifungo! Kama mtoto anayetulizwa kwa figo.

"Na mimi?" Fabian aliuliza.

"Mwenye ng'ombe hubaki na ngozi," Babu akamjibu kwa upole, akamkabidhi gunia la nailoni lililokuwa limefunga belo. "Hongera, mjukuu wangu. Umetulisha."

"Aika, mbe," wazee wakashukuru kwa Kichaga, wakaondoka na mafungu yao.

Fabian alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gunia mkononi, mpaka jioni. Angekuwa mwingine angepiga kelele, lakini ni mtoto wa Kirua, anajua. Fungu likishaingia kapuni kwa mtu halirudi. Kuliomba ni sawa na kumwambia mkubwa wako atapike. Na kununua suti nyingine haikuwezekana, maana mtaji wote ulikuwa ndani ya belo, na belo lilikuwa ndani ya matumbo ya ukoo. Aliniambia kitu kimoja tu: "Dada, Gladys ataozwa kwa mtu wa vipuri." Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, nikajifunga kanga kiunoni, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Sikuomba warudishe. Niliomba watuazime kwa siku moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umefuata suruali."

"Kwa siku moja tu, Shangazi, kwa ajili ya posa."

"Itakwenda," alisema, "na mimi nakwenda nayo. Paja langu haliendi kwa wakwe peke yake kama halina mwenyewe."

Wote walisema hivyo hivyo. Mjomba Ndelilio alisema kizibao chake ni cha Kilutheri sasa, hakiwezi kuachwa kati ya Wakatoliki na pombe ya mbege bila mtu wa kukiangalia. Katekista, kwa bahati, alikuwa mshenga wetu, kwa hiyo shati na tai vingekuwa machoni pake. Baba mkubwa Primus alikubali baada ya kufikiri sana.

"Kiatu changu kitakwenda, lakini kisikae karibu na cha yule."

"Baba mkubwa, ni jozi."

"Basi atembee ametanua miguu."

Tarehe ishirini na saba tulikodi pikapu, tukashuka Himo, tukapandisha Rombo chini ya manyunyu. Suti ilisafiri ndani ya lile gunia la nailoni isije ikalowa, na kila mwenye fungu aliweka mkono mmoja juu ya gunia njia nzima. Karibu na Mkuu tulisimama, Fabian akavaa nyuma ya kichaka cha kahawa, wenye mali wamemzunguka wakimwelekeza. Alipotoka, wallahi, hata mimi dada yake nilimwogopa. Kila kitu kilikuwa kama kimeshonwa kwa ajili yake. Nilitamani mama angekuwepo amwone, hata kwa dakika moja.

Tatizo lilikuwa kutembea. Mguu wa kushoto ulikwenda upande wa Baba mkubwa, wa kulia upande wa Baba mdogo, katikati pangepita mbuzi. Babu alimfuata nyuma ameshika ncha ya koti. Shangazi aliinama pembeni akinyanyua suruali isiguse majani yenye umande. Tuliingia uwanjani kwa Mzee Kasiani namna hiyo, kama watu wanaohamisha kabati.

Mzee Kasiani alisimama mlangoni, miwani puani. Alitazama suti kwanza, akaridhika. Halafu akatazama mwendo.

"Kijana ni mgonjwa?"

"Hapana, Mzee," akasema katekista. "Ni heshima tu."

Tukakaribishwa ndani. Gladys alipita na kata za mbege, akamwona Fabian, akauma mdomo asicheke wala asilie. Mzee Kasiani akamwonyesha Fabian kiti cha mbele, chenye kitambaa cha kufuma. Fabian akaanza kukaa. Shangazi akakohoa. Fabian akanyanyuka.

"Asante, Mzee, nitasimama."

"Kwangu mchumba hasimami. Kaa."

Shangazi akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayeona suruali yake inakunjwa. Fabian akachagua njia ya kati: akabaki nusu amekaa, nusu amesimama, matako hayajagusa kiti, jasho likimtiririka kuelekea kola ya katekista. Mshenga akaanza maneno yake marefu ya kuomba ua bustanini. Kata ya mbege ikamfikia Fabian, naye hakuweza kukataa. Alipoiinua, tone likaning'inia ukingoni, na Mjomba Ndelilio akaruka kutoka kwenye kiti chake akalikinga kwa kiganja. Wakwe wakatazamana. Katekista akapotea katikati ya ua na bustani, akaanza upya.

Pengine tungefika mwisho salama, lakini Mkuu ni juu, na siku ile ukungu uliingia mpaka sebuleni. Babu ni mzee. Alivumilia, akavumilia, mwishowe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fabian, nina baridi. Lete kidari changu."

Fabian alinitazama. Ningefanya nini? Mtu hamnyimi babu yake fungu lake. Alivua koti, Babu akalivaa, akatulia. Sasa kizibao kikawa wazi, na Mjomba akaona hakina kinga tena, kheri akivae mwenyewe. Katekista hakutaka kuonekana hajali mali yake, akapokea shati na tai huku bado anaongea kuhusu bustani. Baba mkubwa alipoona wenzake wanachukua, akadai kiatu chake, kwa hofu kwamba Baba mdogo atatangulia, na Baba mdogo akadai chake kwa hofu hiyo hiyo. Shangazi alikuwa wa mwisho. Alisema hana haraka, ila mtori wa ndizi unaletwa mezani, na mtori hautoki kwenye sufu.

Gladys alimrushia Fabian kanga yake kabla paja halijaondoka lote. Mdogo wangu akasimama mbele ya wakwe na fulana ya kulimia, amejifunga kanga ya mchumba wake, miguu mitupu, bado ameitanua kwa mazoea.

Mzee Kasiani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilisema suti yake mwenyewe," alisema polepole. "Kijana, katika hivi nilivyoviona leo, kipi ni chako?"

"Ukiacha fulana hii na nisivyoweza kuvionyesha mbele yako, Mzee," Fabian akajibu, "hakuna."

Hapo nikasimama. Najua mwanamke wa upande wa mchumba hasimami bila kuambiwa. Nikawaambia wazee wangu mbele ya wakwe kwamba wamemla mtoto wa watu mzima mzima. Nikasema mtoto huyu amekaa juani Kiboriloni miaka akiwavalisha wanaume wengine, na siku yake moja ilipofika, wamemgawana mbele ya macho yake, halafu wakampa pole kwa jina la hongera. Nikasema naona aibu kuwa wa ukoo ule, na nampenda mdogo wangu kuliko kidari chochote duniani. Kisha nikafungua fundo la kanga yangu, nikatoa vile vifungo viwili, nikamtia Fabian mkononi.

"Chukua fungu langu," nikasema. "Mimi nimeshiba."

Nilitegemea wengine waguswe, wafuate. Babu alifunga koti vizuri. Shangazi alivuta kapu lake karibu. Baba mkubwa na Baba mdogo walificha viatu vyao chini ya kiti kimoja, bila kujua ni kimoja.

Mzee Kasiani hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anamtazama Babu kama anavyomtazama shahidi.

"Meku, mzee mwenzangu, mmesema mafungu. Hii suti mliichinja?"

"Kwa utaratibu wote," alisema Babu. "Juu ya majani."

"Na huyu kijana mlimpa fungu gani?"

"Ngozi."

"Iko wapi?"

Nikakimbilia kwenye pikapu, nikarudi na gunia la nailoni, limelowa, lina alama za waya na maandishi yaliyofutika. Mzee Kasiani akalipokea kwa mikono miwili. Aligeuza huku, akageuza huku, akalinusa, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Sisi Rombo ngozi tunampa mwenye ng'ombe," alisema. "Ninyi Kirua mnampa nani?"

"Mwenye ng'ombe," Babu akajibu, ameudhika kidogo. "Kwani sisi ni Wamasai?"

"Siku zote?"

"Tangu babu wa babu yangu."

"Hakuna siku mliyompa mtu mwingine, kwa makosa, au kwa huruma?"

"Ngozi haiendi kwa huruma, mbe. Ngozi ni ya mwenyewe."

"Basi," alisema Mzee Kasiani, akalikunja gunia taratibu, akalirudisha kwa Fabian, "ushahidi ni huu. Suti ilikuwa yake, nzima, na viatu vyake. Ninyi mlikula kwake. Yule mwenye duka la vipuri ana suti mbili, na sijasikia kwamba amemvisha mtu hata soksi. Gladys!"

"Naam, Baba."

"Unamtaka huyu mwenye kanga?"

"Kanga ni yangu, Baba," Gladys akasema, "kwa hiyo inabidi."

Tulipiga vigelegele mpaka ukungu ukatoka nje. Mbuzi akaletwa, akagawanywa, na sijawahi kuona watu wakifuatilia ngozi inakwenda kwa nani kama siku ile.

Harusi ilifungwa baada ya Pasaka, na Fabian aliifunga na fulana safi, maana suti hatukuthubutu kuigusa tena. Gladys alilishona lile gunia likawa mfuko wa sokoni, akautia vile vifungo viwili vya bluu ya usiku mdomoni, na ndio anaobebea bidhaa Kiboriloni, ambako sasa wanauza wote wawili na kubishana na wateja kwa zamu.

Kila Krismasi suti ile huenda misa. Koti liko benchi la mbele, limesinzia. Shati na tai viko karibu na altare. Kizibao huja kutoka Marangu baada ya ibada yao kwisha, kikasimama mlangoni kwa tahadhari. Suruali iko upande wa wanawake, imekunjwa kapuni, hutolewa wakati wa sadaka ili ionekane. Baba mkubwa huja na kiatu cha kushoto na buti la mpira, Baba mdogo na cha kulia na ndala, na kwa kuwa kila mmoja peke yake anachekwa njiani, siku hizi wanatembea pamoja, bega kwa bega, miguu yenye viatu ikiwa katikati. Bado hawasalimiani. Fabian na Gladys wanakaa benchi la nyuma kabisa na mfuko wao wa vifungo viwili. Huwa nageuka kumtazama, na hasira yangu yote hupoa, maana suti imejaa kanisa zima na yote ni ya mdogo wangu.